Tairi la Makambako na tope la Njombe

Wiki hii naomba sisi wazazi ambao watoto wetu huenda shule kwa baiskeli tuinamie magurudumu kidogo. Mvua za Novemba zikianza, mtoto huambiwa hajui kuendesha, kumbe kosa ni la tairi.

Baba mmoja amehamia Njombe kikazi kutoka Makambako, akaja na baiskeli ya gia ya binti yake. Kule haikuwa na neno. Huku binti ameanguka mara mbili kwenye mteremko, na sasa anataka kwenda kwa miguu. Baba anauliza: baiskeli ni mbovu?

Si mbovu. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 60 hivi, lakini ardhi ni nyingine. Makambako kuna upepo, vumbi, kokoto na lami ya barabara kuu. Hapo tairi lenye kashata fupi zilizosongamana linatosha, tena ni jepesi kukanyagia. Njombe ni vilima, na ule udongo mwekundu ukilowa hunata. Kashata zilizobanana hujaa tope, na zikishajaa tairi halina tofauti na kipara. Hapa tafuta kashata ndefu zilizoachana, tope lidondoke lenyewe gurudumu likizunguka. Wengine watakushauri ununue tairi pana kuliko yote dukani. Pana linafaa mchangani. Kwenye tope hubanana na fremu mpaka gurudumu linagoma.

Fedha ikitosha tairi moja tu, jipya likae mbele. Mafundi wengi hupenda kuliweka nyuma kwa sababu la nyuma ndilo linaloisha haraka, na hilo ni kweli. Lakini la nyuma likiteleza, mara nyingi mtoto huwahi kuweka mguu chini. La mbele likiteleza, hawahi kitu. Kwa hiyo jipya mbele, na lile lililokuwa mbele lihamie nyuma.

Kabla ya kwenda dukani soma ubavuni mwa tairi la zamani. Inchi 26 haiingii kwenye ringi ya 28, hata muuzaji aape. Ubavuni pia huandikwa kiasi cha upepo. Wakati wa tope usijaze hadi kikomo, tairi lilalie ardhi kidogo. Ila ukipunguza mno, ringi itagonga jiwe na kukata mpira wa ndani matundu mawili kwa mpigo. Mtoto akibeba mzigo kwenye keria, la nyuma liongezwe.

Baba asitupe zile za Makambako. Azitundike stoo; kuanzia Juni njia zikikauka zitafaa tena. Na binti asirudishwe njiani peke yake siku ya kwanza. Ashuke mteremko mfupi baba akiwepo, akikamata breki zote mbili polepole kabla ya kona, si ndani ya kona.