Mgeni Anapohesabiwa Mwenyeji

Katika mitaa ya Iringo na Nyasho, na zaidi katika vijiji vya Bunda na Butiama, ni nadra kukuta nyumba yenye watu walewale mwaka mzima. Kijana anarudi kutoka kambi ya dagaa kwa sababu mbalamwezi imekuwa kali na hakuna kazi ziwani. Binti anakuja kujifungulia kwa mama yake. Mjukuu analetwa kutoka Mwanza mpaka mambo ya baba yake yatulie. Shangazi aliyekuja msibani anabaki hata baada ya matanga. Hakuna anayeomba ruhusa, wala hatutamani siku ambayo ndugu ataomba ruhusa kulala kwa ndugu yake.

Tatizo linaanza pale desturi hii inapokutana na dodoso. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Jina lake linaeleza kila kitu: kinachonusuriwa ni kaya, si mtu mmoja mmoja. Mkutano wa kijiji au mtaa huzitaja kaya zinazojulikana kuwa maskini, wawezeshaji hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza wanakaya ni wangapi, wana umri gani, nyumba imejengwa kwa nini na ndani mna mali gani, kisha majibu hupimwa kwa kompyuta. Mwishoni orodha hurudishwa mkutanoni. Tunaukubali utaratibu huo, kwa sababu unampa jirani nafasi ya kusema mara mbili. Lakini dodoso hujazwa siku moja, na siku hiyo nyumba inaweza kuwa na mtu ambaye mwezi ujao hatakuwepo.

Mfikirie bibi wa miaka 74, mjane, anayelea wajukuu wawili. Mwanawe amerudi kwa majuma sita tu, ana simu nzuri na pikipiki ambayo si yake, ni ya tajiri wake. Mwezeshaji akimkuta amekaa kivulini na pikipiki imeegeshwa ukutani, ataandika anachokiona. Kuanzia hapo kaya ya bibi ina mwanamume wa miaka 28 mwenye afya na chombo cha moto. Katika kipindi hiki cha pili jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa kaya yenye mtu mwenye nguvu hupangiwa ajira za muda, yaani kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kupanda miti, ilhali kaya isiyo na mtu wa namna hiyo hupata ruzuku bila kudaiwa kazi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe anapewa mgeni kwenye karatasi, na akishaondoka linabaki mikononi mwa bibi.

Hatusemi kwamba wawezeshaji wana nia mbaya. Watu wenyewe hujibu hivyo, na tunadhani sababu mojawapo ni Sensa. Mwaka 2022 tulifundishwa, hata kwa matangazo ya kanisani, kumtaja kila aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, awe mgeni au mwenyeji. Kwa Sensa hilo lilikuwa sahihi, maana ilitaka kujua idadi ya watu mahali walipo usiku ule. Ruzuku inauliza jambo jingine kabisa: ni akina nani wanaotegemea chungu hiki mwaka mzima? Mama aliyezoea swali la kwanza hulijibu la pili kwa jibu lilelile, kwa uaminifu kabisa, na uaminifu wake unamponza.

Kwa watoto hesabu hugeuka upande wa pili. Sehemu ya ruzuku imefungwa na mahudhurio ya shule, na kiwango kilichowekwa tangu awamu ya kwanza ni asilimia 80 ya siku za masomo. Mjukuu aliyeandikishwa kwa bibi akipelekwa kwa mjomba wake Mwanza kwa muhula mmoja, rejista ya shule yake ya Butiama itaonyesha hayupo, hata kama huko aliko anasoma kila siku. Yule aliyeletwa kwa bibi bila kuandikishwa naye anakula, anahitaji daftari na sare, na kwa mpango hayupo. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Ukiwa na fedha ya kiasi hicho, mdomo mmoja zaidi mezani si jambo dogo.

Tuwe wakweli pia. Wapo wanaoficha. Yuko mwana anayeishi na mama yake miaka mitano, ana mtumbwi na mashine, na siku ya uhakiki anakwenda kulala kwa rafiki. Nafasi anayoishikilia kwa hila ni ya kaya nyingine iliyoachwa nje. Ndiyo maana hatupendekezi kwamba watu wafundishwe kuficha wageni. Tunapendekeza dodoso liulize jambo moja la ziada kwa kila jina: amekuwa hapa tangu lini, na kwake ni wapi? Kwingine swali hilo ni la kawaida. Kule Uingereza mtu anayeishi peke yake hupunguziwa robo ya kodi ya halmashauri, na ndugu aliyekuja kumtembelea hamwondolei punguzo hilo ikiwa makazi yake makuu yako kwingine. Karani wa huko amewekewa mpaka kati ya mgeni na mkazi, na wetu anastahili kuwekewa huohuo.

Iko njia nyingine ambayo sisi tunaipenda zaidi kwa upande wa wazee. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa mzee aliyefikisha miaka 70. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo, mwaka 2018, ilianza kuwalipa wazee wa umri huohuo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Fedha hizo ni za mzee mwenyewe. Awe na wageni kumi au alale peke yake, hazipandi wala hazishuki. Bibi wa namna hiyo anaweza kumkaribisha mwanawe bila kupiga hesabu kwanza. Kwa nini bibi wa Bunda apige?

Mpaka siku hiyo ifike, jumuiya ndogondogo zina kazi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kuhakiki majina, wanajumuiya wasibaki nyumbani. Wao ndio wanaojua nani alikuja juzi na nani amezeeka pale. Mwenyekiti asiyeelezwa atahukumu kwa macho.

Na neno kwa mafrateri, maana likizo inakaribia. Wengi wenu mtalala kwa bibi zenu Desemba nzima: vijana wenye afya, wamesoma, wana simu mkononi. Kwa mwezeshaji anayepita, ninyi ni nguvukazi ya kaya. Akibisha hodi, msimwachie bibi ajibu peke yake huku mmekaa pembeni. Semeni mnaishi wapi na mnaondoka tarehe ngapi, na muombe aiandike.