Kupakia si Kuanzisha: Maoni kuhusu Istilahi za Haipavaiza na Kiini Mwenyeji

Katika mijadala ya uundaji wa istilahi, wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuuliza maswali mawili. Je, neno limo katika lugha yetu au katika lugha nyingine za Kibantu? Na kama halimo, tukope au tuunde? Makala haya yanadai kwamba lipo swali linalopaswa kuyatangulia hayo: nani hutenda nini, na kwa mfuatano upi? Mfano wetu unatoka katika taaluma ya kompyuta, nao ni kazi ya kukiwezesha kipakizi cha mwanzo kushughulikia haipavaiza pamoja na kiini mwenyeji chake.

Kwanza tufafanue dhana. Kipakizi cha mwanzo ni programu ndogo ambayo, punde baada ya kompyuta kuwashwa, hukichukua kiini cha mfumo wa uendeshaji kutoka katika diski, hukiweka katika kumbukumbu, kisha hukikabidhi mamlaka. Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja ili mifumo kadhaa ya uendeshaji ifanye kazi kana kwamba kila mmoja una kompyuta yake. Xen, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliieleza katika makala ya mwaka 2003, ni ya aina hiyo. Yenyewe hutawala kichakataji na kumbukumbu, lakini kwa kawaida hukiachia kiini kimoja, mara nyingi cha Linux, kazi ya kuendesha diski na mtandao na kuihudumia mifumo mingine, yaani wageni. Kiini hicho ndicho kiini mwenyeji.

Hapo ndipo ugumu unapozuka. Kipakizi kilichozoea kupakia na kuanzisha kiini kimoja sasa kinatakiwa kupakia vitu viwili na kuanzisha kimoja tu. Programu ya GRUB, iliyoasisiwa na Erich Boleyn mwaka 1995 sambamba na kanuni za Multiboot, ilikuwa na njia ya kufanya hivyo kabla Xen haijazaliwa, kwa kuwa mfumo wa Hurd ulihitaji kiini cha Mach kipakiwe pamoja na programu nyingine. Kwa kanuni hizo, Xen hushika nafasi ya kiini, na Linux hupakiwa kama moduli tu. GRUB huianzisha Xen, na Xen ndiyo hukianzisha kiini cha Linux.

Mfasiri anayetegemea kamusi pekee ataandika kwamba kipakizi "huanzisha haipavaiza na kiini mwenyeji". Sentensi hiyo ni sanifu kisarufi, lakini inapotosha. Fundi atakayeiamini, Linux inaposhindwa kuanza, ataelekea kwenye mipangilio ya kipakizi, ilhali huenda kipakizi kimekwisha kutimiza wajibu wake na kosa limo katika makabidhiano yaliyofuata. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotosha kabisa kuondoa utata huu: kipakizi hupakia vyote viwili, huanzisha haipavaiza, haipavaiza nayo huanzisha kiini mwenyeji.

Neno "mwenyeji" nalo linahitaji uangalifu. Katika KVM, iliyoingizwa katika Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007, haipavaiza ni sehemu ya kiini chenyewe. Anayetawala na anayewapokea wageni ni mmoja, na kipakizi hakihitaji maarifa mapya. Katika Xen majukumu hayo yametengana. Hatuna budi, basi, kuamua mwenyeji ni yupi. Kwa maoni yetu, mwenyeji katika matumizi ya Waswahili ni yule anayempokea mgeni na kumhudumia, hata kama nyumba si yake. Kwa hiyo "kiini mwenyeji" ni istilahi inayofaa kwa Linux iliyo chini ya Xen, lakini Xen yenyewe isiitwe mwenyeji kamwe.

Inafaa pia kutazama jinsi haipavaiza inavyotambua ilichokabidhiwa. Katika kompyuta za x86, Xen hukitambua kiini mwenyeji kwa nafasi yake: ni moduli ya kwanza. Katika kompyuta za ARM, kanuni za Xen huruhusu moduli ibandikwe lebo inayotaja kwamba ni kiini. Istilahi zetu zifuate njia ya pili. Msomaji asilazimike kukisia dhima ya kitu kutokana na mahali kilipotajwa katika sentensi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya waachiwe wahandisi, au kwamba tukope kila kitu ili tusikosee. Hatupingi ukopaji, neno "haipavaiza" limekopwa na halimdhuru mtu. Hata hivyo, nomino zinaweza kukopwa zote na maana bado ikapotea, kwa sababu vitenzi vinavyoziunganisha ni vyetu na sisi ndio tunaovichagua. Tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa uzamili anayeandaa orodha ya istilahi za taaluma yoyote aambatishe maelezo mafupi ya mfuatano wa utendaji, yaliyosomwa na mtaalamu wa taaluma hiyo. Orodha ya maneno isiyo na maelezo hayo haijawa istilahi.