Mchungaji, Niombee

Hakuna maneno ambayo mchungaji huyasikia mara nyingi kuliko haya: "Mchungaji, niombee." Huambiwa mlangoni baada ya ibada, sokoni, na kwenye simu saa tano usiku. Ni maneno mazuri. Yakobo ameagiza tuombeane, na mgonjwa awaite wazee wa kanisa (Yak. 5:14–16), nami sina ugomvi na Yakobo. Ugomvi wangu ni na Mkristo ambaye ukimwuliza, "Na wewe mwenyewe umemwambia Mungu nini juu ya jambo hili?" anakutazama kana kwamba umemwuliza swali la hesabu.

Tumelea Wakristo wa kuombewa. Wana mtumishi wa Jumatano na mtumishi wa mkesha wa Ijumaa, wana namba ya mwingine anayeombea kwa simu, na akisikika mwingine mwenye mafuta au maji, atafuatwa hata kwa nauli ya mabasi mawili. Nyumbani Biblia inakaa ndani ya mfuko wake wa zipu tangu Jumapili hadi Jumapili. Watoto wanajua mapambio yote ya kwaya, lakini hawajawahi kumsikia baba yao akiomba. Hata sala ya chakula anaagizwa mtoto mdogo, kwa sababu akiisema inapendeza.

Wapo watumishi wanaoupenda utaratibu huu, tena wanaulinda. Watu wakijua kuomba wenyewe, nani atapanga foleni? Hapa sisi Walutheri tungepaswa kuona aibu kuliko wengine. Mwaka 1520 Luther aliwaandikia watawala Wakristo wa Ujerumani kwamba wote waliobatizwa ni makuhani. Mchungaji ana kazi yake ya Neno na Sakramenti, lakini hana mlango wake wa pekee wa kuingilia kwa Mungu. Pazia la hekalu lilipasuka kwa ajili ya mama muuza nyanya kama lilivyopasuka kwa ajili ya askofu. Leo tunalishona tena wenyewe, halafu tunalalamika kwamba Mungu yuko mbali.

Chukua Katekisimu Ndogo. Wengi tunaijua kama kitabu cha kipaimara: unakariri, unawekewa mikono, kisha unamrithisha mdogo wako. Ifungue tena. Luther aliitoa mwaka 1529, na katika vichwa vya sehemu zake alieleza kwamba hayo ndiyo mambo ambayo mkuu wa nyumba anapaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mahali pake ni sebuleni. Ukiamka, jitie ishara ya msalaba (ndiyo, Luther aliandika hivyo, wanaodhani ni ya Wakatoliki peke yao wakasome), sema Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, ongeza sala fupi ukipenda, imba wimbo, uende kazini kwa furaha. Jioni vivyo hivyo, kisha ulale mara moja bila wasiwasi. Haifiki hata nusu ya taarifa ya habari. Anayesema hana muda amkumbuke Danieli: alikuwa na ofisi ya serikali kubwa kuliko ya yeyote kati yetu, akapiga magoti mara tatu kwa siku.

Mwingine husema, "Sijui kuomba." Huyo namsikiliza kwa makini zaidi, maana mara nyingi anasema kweli. Kinyozi wa Luther kule Wittenberg, Peter Beskendorf, alikuwa na haja hiyohiyo. Luther hakumjibu, "Niachie mimi." Alimwandikia kijitabu, kikachapishwa mwaka 1535. Chukua amri moja, alimwelekeza, uitazame kwanza kama fundisho, kisha kama jambo la kushukuru, kisha kama jambo la kutubu, kisha kama ombi. Moyo ukishikwa na neno moja, baki hapo, hayo mengine yaache. Akamwonya kwa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi anayepiga soga huku ameshika wembe atamkata mteja pua. Mchungaji mwenye kazi nyingi kama yule alipata nafasi ya kumfundisha mtu mmoja kuomba. Sisi tunapata nafasi ya kuwapaka mafuta mia mbili.

Mwaka huohuo wa 1535, wakati wa Pasaka, Peter alimchoma kisu mume wa binti yake mezani, naye akafa. Msomaji ataona kwamba habari hii inaharibu mfano wangu. Ingeuharibu kama ningekuwa nimesema sala ni hirizi, lakini hirizi ndiyo hasa wanayoiuza wale wa foleni. Luther alimtetea, Peter akaachiwa uhai, akafukuzwa mjini. Mchungaji wake alibaki Wittenberg. Lakini Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana aliweza kuondoka nazo, na jioni ya kwanza ugenini, mwuaji yule alikuwa anajua aanzie wapi.