Nyaya mbili si kasi maradufu

Katika soko la vifaa vya mtandao kuna huduma inayonadiwa kupita uwezo wake. Nayo ni ile ya kufunga nyaya mbili au zaidi kati ya swichi na swichi, au swichi na seva, zifanye kazi kama waya mmoja. Muuzaji humwambia mwenye duka la jumla kwamba nyaya mbili za gigabiti 1 kwa sekunde zinampa gigabiti 2. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayomgharimu mnunuzi.

Swichi haikati faili moja vipande viwili ikavipitisha kila kimoja kwa waya wake. Hutazama anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, hupiga hesabu, na jibu lake huchagua waya. Kuanzia hapo mazungumzo hayo yote hupita waya uleule. Yakigawanywa, vipande vingeweza kufika vimepishana, kama magunia ya mteja mmoja yaliyopakiwa malori mawili na lori la pili likatangulia kufika.

Kwa hiyo karani anayehamisha hesabu za mwaka mzima kwenda kwenye seva ya akiba atabaki na gigabiti 1 yake. Ofisi yenye makarani thelathini itanufaika, maana mizigo ni mingi na hesabu huitawanya. Hata hapo mizigo mizito miwili inaweza kuangukia waya mmoja huku mwingine ukipwaya. Hali ni mbaya zaidi ikiwa swichi imepangwa kutazama anwani za vifaa peke yake. Seva ikizungumza na matawi kupitia ruta moja, swichi huona jozi ileile ya anwani kila mara, na waya wa pili unakuwa pambo. Mwenye mzigo mmoja mkubwa ni heri anunue mlango wa gigabiti 10.

Faida isiyo na ubishi ni usalama wa kazi. Waya mmoja ukikatika, mauzo yanaendelea kwa ule uliobaki. Kwa itifaki ya LACP vifaa hutumiana salamu kila sekunde 1 au kila sekunde 30, kulingana na mpangilio. Salamu zikikosekana kwa vipindi vitatu, waya huo huondolewa kundini. Hilo ni muhimu kwa waya unaoonekana mzima kumbe haupitishi kitu. Lakini nyaya zote zikiishia kwenye swichi moja, swichi hiyo ikiungua zote zimekufa. Kuzigawa kwenye swichi mbili kunataka swichi zinazoweza kujifanya moja, na hizo bei yake ni nyingine.

Kuhusu bei, mnunuzi wa sasa ana nguvu kuliko yule wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo kampuni ya Kalpana ya Marekani, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 1994, ilikuwa na njia yake iliyoitwa EtherChannel, na aliyeanza na njia ya mtengenezaji mmoja alibanwa humo. Taasisi ya IEEE ilitoa kanuni ya pamoja, 802.3ad, mwaka 2000, na mwaka 2008 ikahamishiwa kwenye 802.1AX. Hivyo swichi za watengenezaji tofauti zinaweza kufungwa pamoja, na muuzaji anayeng'ang'ania chapa moja kwa sababu hii tu hana hoja. Swichi za bei ya chini zisizo na mipangilio kwa kawaida hazina LACP. Kuchomekewa nyaya mbili humo ni hatari: ujumbe huweza kuzunguka bila kikomo mpaka mtandao wote usimame.

Mnunuzi aandike LACP katika hati ya oda. Siku ya makabidhiano fundi achomoe waya mmoja huku mauzo yakiendelea, kisha aurudishe na kuchomoa wa pili. Malipo ya mwisho yasubiri zoezi hilo.