Gari la Maziwa Libebe Vitabu



Sisi wa Ndabibi, pamoja na majirani wa Kongoni na Moi Ndabi, kwenye baraza tunaomba barabara, maji na dawa za zahanati, na ni haki yetu. Maktaba haiombwi sana, na anayeitaja huambiwa asubiri jengo. Jengo lije siku yake. Mimi nasema vitabu tunavyo tayari. Vimo majumbani mwetu, chini ya vitanda, kwenye magunia, juu ya dari pamoja na mbegu za msimu ujao.

Ingia nyumba yoyote iliyotoa mtoto wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Utakuta Utengano cha kaka mkubwa, Chozi la Heri cha dada yake, na Siku Njema ambacho hakuna anayekumbuka kilifikaje. Nakala ya Kidagaa Kimemwozea iliyo mezani kwangu haina jalada. Pembeni mwa kurasa mwanafunzi ameandika kwa penseli "dhamira", "kinaya", "itakuja mtihani!", na kwenye ukurasa wa mwisho mtu mzima amepiga hesabu ya mifuko ya mbolea na deni la agroveti. Kilisomwa mara moja, kwa hofu, kisha kikageuzwa daftari la madeni.

Na ndani yake mna nini? Mna Mtemi Nasaba Bora, bwana mkubwa anayejitwalia mashamba kwa hati za kughushi, na Amani, kijana anayemchungia ng'ombe. Hapa petu palikuwa shamba la Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC) kabla ya kukatwa vipande. Nani kati yetu asingekesha akisikiliza habari za hati na mashamba? Marehemu Ken Walibora hakutuandikia maswali ya mtihani. Alituandikia sisi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: tutoe vitabu vilivyolala, tuvikusanye, tuvizungushe.

Maktaba ya umma iko Naivasha mjini, na kubwa zaidi iko Nakuru. Mtoto wa gredi ya nne hawezi kuzunguka Ziwa Naivasha kwa matatu kila Jumamosi kwa ajili ya hadithi moja, na mama yake akiipata nauli hiyo atanunua unga. Lakini kila alfajiri pikipiki na pikapu za maziwa hupita vichochoro vyetu vyote. Zinaondoka na mitungi iliyojaa, zinarudi na mitungi mitupu. Zirudi na vitabu. Kule Garissa, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia na kuwafuata wafugaji walikohamia. Hakuna aliyewaambia wafugaji wale wasubiri jengo. Sisi tuna injini, na tuna watu wanaojua kila boma kwa jina na kwa idadi ya lita.

Sanduku liwe la plastiki lenye kifuniko, maana vumbi letu la majivu ya volkano halina adabu. Kila kituo cha kukusanyia maziwa kiwe na sanduku lake, na kila mwisho wa mwezi masanduku yabadilishane vituo. Daftari moja la kuandika wanaoazima, penseli moja. Anayechelewesha kitabu asitozwe faini, maana faini ndiyo itakayomfukuza. Aulizwe tu kilikuwa kitamu kiasi gani.

Sasa, tusome nini na lini? Kalenda ya kusoma ya watu wa jembe haiwezi kufanana na ya watu wa ofisini. Januari na Februari, jua likiwaka na shamba likingoja mvua, jioni ni ndefu. Hapo ndipo pa riwaya nzima, Siku Njema au Kuli cha Adam Shafi. Masika yakifika, kati ya kupanda na kupalilia, mtu analala na tope miguuni. Asipewe kitabu kizito. Apewe Hekaya za Abunuwasi, kisa kimoja kwa usiku mmoja, au mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 na bado kinamkosesha mtu usingizi.

Baridi ya Julai na likizo ya Agosti ni wakati wa kusoma kwa sauti jikoni. Napendekeza Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Ni kitabu cha mwaka 1952, Kiswahili chake kina uzito, na watoto watauliza maana ya maneno kila sentensi ya tatu. Waache waulize. Lakini wakishasikia kwamba kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku, na anayewachapa huwalilia, hawatakuruhusu ufunge kitabu kabla ya kujua sababu. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Mtoto asome, mzazi aulize maswali. Wakubwa wana Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Mkulima aliyewahi kuwa mwanachama wa ushirika wowote hahitaji kufafanuliwa nguruwe wa humo ni akina nani.

Kwa wadogo kabisa tusitafute mbali. Mradi wa African Storybook una hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili, Kikuyu, Kimaasai na lugha nyingine, bure, na mtu anaruhusiwa kuzichapisha. Shule yenye printa itoe wino, wazazi watoe karatasi.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo inayonitia wasiwasi. Watoto hukaa nyumbani tangu mwisho wa Oktoba hadi Januari, wiki baada ya wiki bila kugusa ukurasa, kisha tunamlaumu mwalimu kwamba hawajui kusoma. Katika miezi hiyo masanduku yabadilishwe kila wiki.

Kuna kitabu kimoja ambacho nawasihi watu wazima wakisome pamoja, kwa vikundi, katika vyama vya akina mama, makanisani na kwenye vibanda vya boda boda: Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Kinamhusu Ridhaa, aliyepoteza nyumba na jamaa zake katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 1993 watu walikimbia mapigano ya Enoosupukia wakaja kujaa kambini Maela. Mwishoni mwa 1994 kambi ilivunjwa, na baadhi ya familia zikapewa mashamba Moi Ndabi. Mwaka 2008 Naivasha iliwaka kwa ghasia. Wengine wetu tulikuwa upande huu, wengine upande ule, na leo tunapeleka maziwa kwenye gari moja. Hatujawahi kuketi na kuyazungumza hayo bila kunyoosheana vidole. Pengine kumzungumzia Ridhaa ni rahisi zaidi kuliko kumzungumzia jirani. Na tukisome kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kigoda pekee ambacho Mkikuyu, Mmaasai, Mkalenjin na Mturkana wa hapa wanakikalia sawasawa. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Tukimalize kabla ya hapo.

Septemba nakiachia kitabu kisicho na mhusika wala mapenzi: mpango wa maendeleo wa kaunti. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, maktaba ni kazi ya serikali ya kaunti, kama zilivyo bustani za umma na masoko. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sheria inataka maoni ya wananchi. Tuuweke mpango huo ndani ya sanduku pamoja na Abunuwasi, tutafute ukurasa wenye neno maktaba, na kama haumo twende kwenye kikao cha wadi tukiwa na daftari letu la kuazima. Mwakilishi wadi anaweza kubishana na malalamiko. Daftari lenye majina ya wasomaji wa kituo baada ya kituo litampa kazi zaidi.

Basi tuanze Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, kila mtu kwenye kituo chake cha maziwa. Waadventista wapokelewe Jumamosi jioni. Leta kitabu ulicho nacho, hata kama hakina jalada. Gundi na katoni vitakuwepo, na vijana wa sekondari watasaidia kuvivalisha. Andika jina lako ndani kwa penseli ili kijulikane kilikotoka. Riwaya, tamthilia, mashairi, hadithi za watoto, vijitabu vya kilimo cha viazi na magonjwa ya ng'ombe, vyote vinakaribishwa. Vile vya maswali ya marudio ya KCPE viacheni nyumbani. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023.