Kanda za kaseti: amana iliyosahauliwa kabatini



Katika nyumba nyingi za Lushoto bado ipo redio kaseti iliyonyamaza siku nyingi, na kando yake boksi la kanda. Nyumba inaposafishwa kwa ajili ya Idd, vitu hivi ndivyo vya kwanza kutupwa. Tusiharakishe. Huenda ndani yake mna sauti ya babu akisoma Qur'ani, darsa la mwalimu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, au khutba ya ndoa ya wazazi. Picha huhifadhi sura. Kanda huhifadhi sauti na pumzi.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mwaka 1979 Sony ya Japani ikauza Walkman, chombo kidogo cha stirio chenye matundu mawili ya visikizi, ili watu wawili wasikilize pamoja. Katika kanda ya stirio, utepe usiofikia upana wa milimita 4 hubeba njia nne za sauti: mbili kwa kila upande, moja ya sikio la kulia na moja ya kushoto. Kanda ya dakika 60 husikika nusu saa kila upande. Ile ya dakika 120 ina utepe mwembamba zaidi, hivyo hunasa na kukatika upesi.

Unyevu wa milima yetu ya Usambara huotesha kuvu juu ya utepe. Ukiona unga mweupe, usiipige kanda hiyo, mpelekee fundi. Iliyo safi, vunja kwanza vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, ili kitufe cha kurekodi kisibonyezeke na kufuta yaliyomo. Safisha hedi kwa pamba yenye spiriti, na utepe uliolegea uukaze kwa penseli. Kisha pitisha waya kutoka tundu la visikizi hadi kwenye kompyuta, urekodi, na nakala uziweke mahali pawili.

Jambo la mwisho ni adabu. Si kila kilichorekodiwa ni cha kusambazwa. Ukikuta wasia au siri ya nyumba, waite kwanza warithi wasikilize, wakubaliane. Sauti ya marehemu ni amana, na mwenyewe hawezi tena kuulizwa.

Wabillahi tawfiiq.