Mwalimu wa Rangi Awe na Rangi Mkononi

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi wa mashirika, nisikilizeni. Mimi ni mkimbizi, nachora vibao vya maduka hapa Masinya. Ndiyo kazi inayonilisha. Juzi niliomba kufundisha vijana kuchora. Nikaulizwa cheti. Sina. Basi akaletwa mwenye cheti, semina siku tatu, picha zikapigwa, posho ikalipwa, akaondoka. Vijana hadi leo hawajui kupiga mstari kwa kamba na chaki, wala kwamba bati lisiposuguliwa rangi inabanduka.

Gregory Maloba alitoka Kenya, akafundisha uchongaji Makerere. Sanamu ya Uhuru pale Kampala, ya 1962, ni kazi ya mikono yake. Mwanafunzi wa mtu kama huyo haambiwi tu, anaona.

Sisemi cheti ni takataka. Nasema hivi: kabla ya kuuliza karatasi, njooni mtazame vibao vyangu barabarani. Na mkiniita, nilipeni kama mnavyomlipa yule wa semina. Msiniambie eti ni kujitolea. Jamani, kujitolea hakupikwi sufuriani, na watoto wangu wanakula kila siku.